Gramu Kumi na Tisa, Bila Betri

Kimeletwa na posta katika boksi
dogo kuliko pakiti ya chai.
Saa tano asubuhi, na nje bado giza:
mlima umelikalia jua tangu Novemba,
na sisi wa mji huu wa Aisilandi, mwishoni mwa ghuba nyembamba,
tunaishi kwa taa.

Nakiweka juu ya mizani ya unga.
Kumi na tisa. Nakitoa, nakirudisha.
Kumi na tisa.
Karatasi yao inasema kumi na saba na nusu.
Muuza vitu vyepesi
ana ulimi mwepesi kuliko bidhaa.

Mota nne, kila moja kama punje ya mahindi.
Nazizungusha kwa ncha ya kidole:
hii laini, hii laini, hii laini,
hii inakwaruza, kama mtu asagaye meno usingizini.
Chembe ya chuma imeng'ang'ania sumaku.
Naing'oa kwa gundi ya karatasi, nikiwa nimebana pumzi.

Propela zitoke kwanza.
(Kidole changu cha shahada kina kovu; kinakumbuka kwa niaba yangu.)
Ndipo waya, ndipo kompyuta.
Nainamisha kidroni kushoto,
na pacha wake kwenye skrini anainama kulia.
Mjanja wee! Kumbe bodi yako wameifunga kinyumenyume.
Nabadilisha namba moja: nyuzi mia na themanini.
Sasa mnaelewana.

Kamera naiinua kidogo, nyuzi kumi tu;
humu ndani hatukimbizani na mtu.
Kisha jaribio nisilolisamehe:
kikiwa hewani juu ya mto wa kochi, nazima rimoti.
Puu.
Vizuri.
Kisichojua kuanguka kikikosa sauti ya mwenyewe
kisirushwe katika nyumba ya watu.

"Kinapiga kelele kama mbu aliyesomeshwa," asema baba.
Baba yangu, Þorkell, fundi wa mabati,
aliyeezeka nusu ya mapaa ya mtaa huu,
sasa analala sebuleni.
Tangu nyonga ivunjike, majira mawili ya baridi,
hajapanda vile vidato kumi na viwili.

Namvika miwani. Inamkaa vibaya, pua yake kubwa.
"Shika kiti, baba. Tumbo litadhani unaruka."

Betri: nne nukta tatu.
Kidato cha kwanza, cha nne, cha tisa.
Kwenye kona kinayumba, upepo wake wenyewe
unagonga ukuta na kukirudia usoni.
Nakipunguzia pumzi. Kinatulia.
Korido. Mlango wa chumba chao, yeye na mama.
Kitanda kimetandikwa, mito yote miwili.

Baba kimya.
Nangoja aseme jina la mama.
Nimejiandaa, hata leso ninayo.

"Kipandishe," asema. "Kushoto. Tena. Hapo!
Unaona lile doa?"
Pembeni mwa dari, doa la rangi ya chai,
pana kama sahani.
"Paa linavuja. Ni ule msumari.
Niliupiga mwenyewe, mwaka uliozaliwa,
na nilijua umekwenda upande."

Tatu nukta tatu. Namba zinamwekamweka.
"Baba, betri."
"Ngoja, nione na upande wa pili."
Tatu nukta moja.
Dakika tatu na sekunde arobaini. Waliahidi tano.
Kinashuka chenyewe, kinajigonga kabatini,
kinalala ubavu sakafuni,
jicho lake likiwa wazi bado.

Napanda kukifuata.
Nikifika mlangoni namsikia chini,
miwani usoni, akicheka mara ya kwanza
tangu jua lijifiche:
"Steinvör! Soksi yako imetoboka."