Nywele za Uzima

Saa kumi na mbili asubuhi, jiko limezimika tena.
Nachokoa majivu, pumzi yangu imesimama mbele yangu
kama mgeni asiyejua akae wapi.
Ndoo ya kabichi ya pilipili imeganda mlangoni,
naipasua kwa shoka, kama kuni.
Tae-gyu bado anaota kwa lugha ya nyumbani:
namsikia akibishana na dereva wa teksi wa Daegu.

Mwaka wa tatu huu tuko kilimani,
mtaa wa mahema ya manyoya na nyua za mbao,
na Ulaanbaatar huko chini imejitanda moshi
hata wenye maghorofa hawaonani.

Maji yanauzwa kibandani, mwisho wa mteremko.
Garam, miaka sita, anasukuma kigari cha madumu.
(Jina lake ni mto, kwa Kikorea cha kale.)
Dasom amepanda juu ya dumu tupu kama gavana.
Kushuka ni mchezo.
Kupanda ni sala fupi fupi,
nyingine si za kuandikwa.
Foleni humsalimu yeye kwanza, si mimi.
Anawajibu kwa sauti za kooni nisizozipata,
kisha ananigeukia: "Mama, wanasema umevaa kofia ya babu."

Jumapili iliyopita waumini walikuwa tisa,
kumi ukimhesabu mbwa.
Tae-gyu alitaka kuwapa maji ya uzima.
Mdomo ulibana kidogo tu,
maji yakawa nywele.
"Mwenye kiu na aje," alisema, sauti ikimlegea,
"anywe nywele za uzima, bure!"
Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililoniuma.
Bi Dulmaa aliinamia mikono yake, mabega yakimtetemeka.
Ni Garam, kutoka kwenye zulia la watoto, aliyepaza sauti:
"Baba, us! Si üs! Us!"
Ndipo hema zima likapasuka kwa kicheko,
na Bi Dulmaa, ambaye dawa za saratani
hazikumwachia hata unywele,
akavua kitambaa, akapapasa kichwa:
"Mchungaji, mimi naomba hizo hizo."

Juzi jino la Garam lilibaki
ndani ya kipande cha jibini kavu, gumu kama kokoto.
Kwetu jino hutupwa paani
alichukue kachi, binamu wa kunguru, mwenye fulana nyeupe,
alete jipya.
Lakini paa letu ni la mviringo, la manyoya:
jino linateleza, linaturudia miguuni.
Tukajaribu mara tatu.
Mara ya nne nililitafuta kwenye theluji kwa magoti,
cheupe ndani ya cheupe.

Bi Dulmaa alikuwa akitutazama juu ya ua.
Akaja na mafuta ya mkia wa kondoo,
akalifunga jino ndani yake kama anayekunja sambusa,
akampa Garam, Garam akampa Asar, mbwa wake.
Mbwa hakutafuna, alimeza tu.
"Basi," akasema Bi Dulmaa, "sasa litaota la hapa."

Jioni mama mkwe kwenye simu, picha ikikatikakatika:
"Kachi amelichukua?"
Garam akanitazama.
Tae-gyu akaona ghafla kwamba jiko linahitaji makaa.
"Amelichukua," nikasema,
mimi, mke wa mchungaji, bila kupepesa.

Usiku, chini ya mablanketi manne, najifunza.
Us, nanong'ona. Üs. Us.
Nilidhani amelala.
"Siyo hivyo," anasema Garam, na neno linapiga mluzi
likipita kwenye pengo. "Usibane. Tena, Mama."
Tena.
Dasom ananipiga teke la usingizi kwenye mbavu.
Tena.

Kesho ni madumu matatu.
Moja ni la Bi Dulmaa:
daktari amemkataza kuinua kitu kizito.