Hukapu

Wiki yangu ya kwanza Mablethorpe,
bahari rangi ya chai ya maziwa iliyopoa,
Keith akanielekeza kwa kidevu:
namba kumi na mbili anataka hukapu.
Nikaitikia kama mtu aliyeelewa,
nikaenda na ndoo na dekio.

Mwenye karavani alilitazama dekio, akanitazama,
kisha akanionyesha nguzo fupi, tundu lenye kifuniko,
na waya wa buluu uliolala kwenye nyasi
kama utumbo wa mbuzi siku ya Idi.
Chomeka. Zungusha. Sikia: tak.
Taa ikawaka dirishani. Paundi nne na nusu kwa usiku.
Nikaandika kwenye daftari: hukapu ni umeme.

Jumatatu Kayleigh akaja amechelewa,
kola ya jaketi imegeuka nje ndani,
akaninong'oneza kwamba jana alipata hukapu
na yule kijana wa duka la chipsi.
Nikamuuliza, kwa nia njema kabisa,
kama waya wake ulifika.
Alicheka mpaka akakaa juu ya mtungi wa gesi.
Saa saba mchana akacheka tena, mkate mdomoni.
Ikabidi anieleze,
na mimi, mjane wa Pangani, mama wa wawili,
nikakagua kamba za viatu vyangu.
Siku hiyo daftari halikuandikwa kitu.

Kwa hiyo Desemba, Keith aliponiona natetemeka
akasema usijali, nitakufanyia hukapu,
nilirudi nyuma hatua tatu, ufagio mbele.
Kesho yake akaleta koti.
La marehemu Sandra, mkewe.
Mfukoni mlikuwa na tiketi ya bingo
na pipi ya minti iliyogandana na karatasi yake.
Vyote nimeviacha humo humo.

Nami nani hata niwacheke?
Kwetu mchicha tunauunga kwa nazi,
mfupa uliovunjika unaunga wenyewe,
mkutanoni tunaunga mkono hoja
na mikono yote imo mifukoni.
Unga ni wa ugali,
na unga ni ule uliommaliza kaka yangu Shebughe
kabla hajatimiza miaka ishirini na sita.

Usiku ule nilijaribu ubeti, kalamu ikiwa baridi:

Neno hili lina mwiba, mwiba wake ni ndoano,
Likinasa lina huba, likikosa mapigano,
Mwenye pesa na msiba, wote lawapa mkono,
Nimelimeza si haba, sasa lanikwama mno.

Wa pili haukuja. Nikalala.

Februari Keith akaanguka karibu na bomba la maji,
bado ameshika spana.
Hospitali ya Boston, ghorofa ya tatu, nesi akaniambia
usiogope, tumeshamhukapu.
Nikaona: nyaya kifuani, mpira wa hewa puani,
mashine inahesabu kwa taa ya kijani.
Macho yangu yakatafuta kifuniko,
mahali pa kuzungusha mpaka useme tak.

Akafumbua jicho moja.
"Namba kumi na mbili bado yupo?"
Yupo.
"Analipa?"
Nikasema analipa.
Tangu Krismasi hajalipa hata peni.
Ana kikombe kimoja kwenye sinki na kingine, kikavu,
kimening'inia kwenye kulabu juu ya dirisha.
Sijamuuliza cha nani.

Nilirudi kwa mabasi mawili.
Uwanja mzima giza, nyasi zimeganda, zinavunjika chini ya kiatu,
dirisha moja tu la njano huko mwisho.
Niliinama kwenye nguzo nikiwa na koti la Sandra,
nikakigusa kichwa cha ule waya.
Kilikuwa kimeshafika mwisho.
Nikakisukuma hata hivyo.