Saa Nane za Mwezi Mweupe

Sajini Davaasambuu aligonga muhuri kwenye karatasi yangu
kama mtu anayeua nzi.
"Saa arobaini na nane. Ukichelewa
utachimba choo kipya peke yako,
na ardhi unaijua ilivyoganda."
Nikapiga saluti. Nikapiga hesabu:
ishirini za kwenda,
ishirini za kurudi,
nane za kuwa mtoto wa watu.

Lori la makaa lilinitoa lindoni hadi stesheni ya Zamiin-Uud.
Kwenye treni mhudumu aliitazama sare, akaniuliza,
"Kwa mama?"
"Kwa bibi."
Akanimiminia chai ya maziwa na chumvi, hela akaikataa.
Sikuthubutu kukaa. Ningekaa ningelala,
ningelala ningeipita Choir na kuamkia mji mkuu
na mwaka mpya umeniacha.
Nilisimama ujiani, kipaji kwenye kioo,
nikihesabu nguzo za simu kama nilivyozoea kuhesabu nyota za zamu.
Miezi mitano sijalala saa nne mfululizo.

Binamu Usukhbayar alinisubiri na pikipiki,
injini ameifunika ngozi ya mbuzi kama mgonjwa.
Tulikwenda saa mbili, kope zikigandiana,
hatukusemezana; upepo ulisema kwa niaba yetu.

Bibi Dulmaa alisimama mlangoni pa hema la sufu.
Nikaweka mikono chini ya viwiko vyake,
ndiyo salamu ya siku hiyo: mdogo humwegemeza mkubwa.
Alikuwa mwepesi kama mkono wa koti usio na mtu ndani.
Akaninusa shavu.
"Umekonda wewe, au nguo imenenepa?"

Wakanikalisha mahali pa wageni.
Jiko lilikuwa jekundu. Sahani ya buuzi ilitoa mvuke wa kondoo na kitunguu.
Nilikula ya kwanza. Nilikula ya pili.
Ya tatu naikumbuka ikielekea mdomoni.

Yaliyofuata nasimulia kama nilivyosimuliwa.

Jamaa walikuja, farasi kwa gari, wakanikuta nimelala nimekaa,
buuzi mkononi.
Mzee Sodnom aliweka kichupa chake cha ugoro kiganjani mwangu,
akasubiri kiasi cha adabu,
akakichukua tena, akashukuru.
Watoto walipanga mstari, mmoja mmoja wakainua viwiko vyangu.
Mdogo kuliko wote akauliza, "Amekufa?"
Akapigwa kikofi.
Shangazi Tsermaa alitaka kunitikisa; bibi akamzuia kwa kijiko:
"Huko wanamwamsha kila siku. Hapa hatumwamshi."

Niliamka pikipiki ikiunguruma nje.
Nilikasirika, sifichi. Nilipiga kelele kama mtoto:
mbona hamkuniamsha, nimekuja kuwaona!
Bibi alikuwa akimalizia kushona kifungo cha koti langu,
uzi kaushika kwa meno.
"Ulikuja kutuona," akasema,
"basi sisi tumekuona."

Kwenye treni ndipo nilipotia mkono mfukoni.
Noti kumi na moja za tugriki, kila moja na mkunjo wake.
Ile iliyokunjwa nne, mraba, bila shaka ni Tsermaa, mwalimu wa hesabu.
Ile yenye harufu ya ugoro haikuhitaji kubahatishwa.
Vipande vya jibini kavu, vigumu kama mawe ya reli.
Na peremende moja,
imeshamumunywa kidogo, ikafungwa tena kwenye karatasi yake.
Aliyeniuliza kama nimekufa.

Nilifika lindoni zikibaki dakika arobaini.
"Jamaa zako?" akauliza sajini, bila kuinua macho.
"Hawajambo, afande. Wote."
Hapo akainua. Akakiona kifungo,
kimeshonwa kwa uzi mwekundu, kinyume cha kanuni.
Akakitazama muda mrefu
kisha akageukia dirisha, kama vile nje kuna kitu.

Zamu yangu ilianza saa nane usiku.
Mpaka ulikuwa mweupe pande zote mbili.
Nikaifungua ile peremende.