Kwa Macho ya Keziah

Walsall, mwezi wa pili, theluji imeshageuka tope.
Nimepanda ngazi katika chumba cha nyuma
cha nyumba ya matofali iliyobanwa na jirani kulia na kushoto.
Kazi yangu ndiyo hii: kung'oa nyaya za marehemu.

Bisibisi inazunguka, kisahani cha dari kinaachia,
vumbi la miaka mia na ushei linanimwagikia usoni.
Ndani, waya wa enzi zile:
shaba ikavishwa mpira, mpira ukavishwa pamba,
pamba ya rangi ya chai iliyosahauliwa kikombeni.
Nikiugusa, mpira unapukutika.

Kuna kapi dogo la mti, na tufe la kauri lenye risasi tumboni.
Taa ya kushusha na kupandisha. Hizo nimeshaziona.
Ila hii
ina ngozi.

Ukanda mwembamba, upana wa kidole cha mwisho,
umepita kapini, umeshonwa kwa uzi wa kitani wenye nta,
mishono minane kila inchi (nimeihesabu),
mkono wa mshona matandiko ya farasi.
Na waya? Waya umejikunja kando, umelegea,
hauvuti kitu, haubebi kitu
isipokuwa umeme.

Nikakaa juu ya ngazi.

Kila fundi anaujua ugonjwa wa taa hizi:
shusha, pandisha, shusha, shingo ya waya inachoka,
unakatika unyuzi mmoja wa shaba, kisha wa pili,
na jioni moja cheche, harufu, giza.
Wengine waliunenepesha waya.
Huyu alijiuliza kwa nini mmoja apewe kazi mbili.
Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, husema watu wa kwetu;
hapa alipewa ng'ombe.

Ubavuni mwa boriti, kwa penseli:
*E. Tranter, 1911. Kwa macho ya Keziah.*

Bi Sukhvir, mwenye nyumba, anauliza kutoka chini:
"Ni hatari?"
"Waya, ndiyo. Ngozi, hapana."
Akaenda, akarudi na bati la biskuti
alilolikuta nyuma ya jiko mwaka aliohamia.
Mna tondoo iliyotoboka, mna kipande cha hatamu
kilichoshonwa nusu,
na stakabadhi ya ada ya kwanza ya hataza.
Ya pili haimo.
Labda fedha ilikwenda kwenye makaa.
Labda kiwanda cha Birmingham kilimtangulia.
Labda alimnunulia Keziah miwani
na taa ikakosa kazi.
Bi Sukhvir anasema ni miwani. Hataki kusikia jingine.

Nikautundika mfuko wangu wa zana kwenye ukanda,
kilo kumi na mbili, koleo na nyundo na yote.
Ngozi ililia kidogo, ikanyamaza.

Lakini kanuni hazina kifungu cha ngozi.
Nikakata. Nikavuta waya mpya wa kijivu,
nikapima, mita ikaridhika, nikatia saini fomu.
Taa ya sasa ni bapa, imezama darini kama sarafu,
mwanga wake mweupe, wa haki, sawa kwa kila kona,
na haimshukii mtu.

Nilikuwa nafagia vumbi la Tranter
nilipomwona Bi Sukhvir amesimama katikati ya chumba
na chupa yake ya dawa ya macho,
anaugeuza mkono, anakunja uso,
kisha anainuka kwa ncha za vidole
na kuipandisha chupa juu, juu zaidi,
kuifuata taa.

Ukanda ulikuwa mfukoni mwangu.
Nikaweka ufagio chini,
nikamuuliza huwa anapenda kukaa wapi.