Nne A

Karatasi ilisema: nne A, dirishani.
Dirisha hilo nililipia kwa pesa ya likizo
ili niione Tanganyika kwa juu, mara moja tu,
mimi niliyenawa miguu humo miaka arobaini.

Nikamkuta kakaa. Mkanda kaufunga,
boksi la migebuka kalipakata kama mjukuu.
"Samahani, kaka, hiki changu."
"Dada, viti vyote vinafika Dar."

Kweli, vinafika. Hata mimi nilijua.
Nyuma yangu foleni inakohoa,
begi la mtu linanigonga kisigino,
na mimi, mwalimu wa darasa la tatu,
mgawa madawati,
nikahisi macho ya watoto wangu wote:
haya, mwalimu, tuone.

Sikupaza sauti. Niliinyoosha karatasi
kama mtu anayedaiwa cheti cha kuzaliwa.
Mhudumu akaja, akaisoma ya kwake:
"Bwana Ruhwanya, wewe ni nne D."
Akanyanyuka polepole, yeye na boksi na harufu,
akaniachia kiti kingali na joto lake.

Nikashinda.

Ndege ikakimbia, ikajing'oa Kigoma,
ikainamia upande ule mwingine.
Kwangu mabati ya Mwandiga, michikichi, vumbi la barabara.
Kwake, ng'ambo ya ujia, ziwa zima
limejaa dirishani, buluu mpaka Kongo,
naye kalala, mdomo wazi,
kofia imemfunika macho.

Nikafungua mkanda.
Taa ya onyo ingali inawaka.
Nikaufunga.