Chungu

Neno ni moja, na lugha haikuona haya:
chungu kinachokaa mekoni,
chungu kama shubiri,
chungu anayepanda mguu wa meza
kwa harufu ya kimea kilichomwagika.
Ninao wote watatu jikoni, Kimara Suka,
Ijumaa usiku. Maji yamerudi bombani saa nne.

Napika bia: ya Uhindini kwa jina,
ya Uingereza kwa asili,
ya hapa kwa taabu.
Maji nayalaza kwenye ndoo wazi,
klorini iondoke taratibu kama mgeni aliyenyimwa chai.
Shayiri nimesaga kwa mashine ya Gwakisa,
ile ya chakula cha kuku.
Hakuuliza kitu. Alidai makapi tu,
na kuku wake sasa wananijua kwa sauti.

Pishi la kwanza lilipasua chupa.
Sukari ilizidi kijiko kimoja; saa tisa usiku
Bi Mwanamvua akapiga kelele za mwizi,
watu wakaja na marungu
wakakuta povu linashuka ukutani
na mimi nimeshika deki.

La pili lilinuka ndizi mbivu.
Machi hii, nyuzi thelathini na mbili ndani ya dumu:
hamira ililipuka, ikamaliza kazi siku mbili
kama fundi anayewahi tenda nyingine.

Na mimi ni fundi friji!
Nimepoza nyama za watu, chanjo za zahanati, soda za harusi,
haikunijia kwamba bia nayo hushikwa na homa.
Nikafufua friji la mteja aliyehamia Dodoma,
nikalifunga swichi inayoijua kumi na tisa
na kuikataa ishirini.

La tatu likatulia, safi, rangi ya shaba,
chungu mpaka taya zikafunga.
Hopsi zote nilizitupa mwanzoni,
gramu sitini, saa nzima ya moto,
nikidhani kinachopendwa ni ukali.
Gwakisa alikunywa nusu glasi.
"Malaria imepona," akasema. "Asante."

Nsia hanywi. Ameokoka tangu kidato cha pili,
na dumu langu hulipita kama anavyopita baa,
shingo imenyooka.
Lakini nilipofungua pakiti aliyoleta Elinami kutoka Polandi,
vidonge vya kijani kama chakula cha sungura,
alisimama mlangoni, kanga begani.
"Nini hiyo?"
"Ni ua."
Akainama, akanusa.
"Ganda la chungwa. Majani ya mlimau, baada ya mvua.
Halafu unalichemsha saa nzima?
Mchaichai unauchemsha saa nzima?"

Nilikuwa na daftari la kurasa mia,
kipimajoto, mizani ya sonara niliyonunua Kariakoo.
Swali hilo sikuwa nalo.

Nikatoa gramu kumi kwa ajili ya uchungu.
Nyingine zikangoja moto uzimwe,
maji yaache kutokota,
na zilizobaki zikaingia siku ya tano, ndani ya baridi,
bila moto kabisa.

Siku ya sita umeme ukakatika.
Nililala sakafuni kando ya friji
nikibadilisha chupa za barafu.
Saa kumi alfajiri zikaisha.
Mlango ukalia: Nsia, ametoka kwa Bi Mwanamvua
na ndoo ya barafu za kuuza, zile za vifuko.
"Za ukwaju. Ni za mkopo. Usizile."

Leo namimina. Povu linakaa, halikimbii.
Namshikia glasi chini ya pua
kama mtoto aliyeleta matokeo ya mtihani.
Anafumba macho. Anakawia.
"Chungwa lipo. Mlimau umekuja.
Mvua bado."

Nafungua daftari, naandika: *mvua*.
Chini yake, kwa penseli: gramu tano zaidi, siku ya saba?
Chungu anakatiza ukurasa.
Nangoja amalize mstari.