Fundo

Verlene Guillory amekodi ghala la zamani la pamba
nje kidogo ya mji, Louisiana, penye reli iliyoota majani.
Hakupaka ukuta rangi. Popo wa darini
hakuwafukuza. Ametundika vitu tu:
shuka ya viraka, magunia ya chakula cha kuku,
kibuyu kilichowambwa ngozi ya mbuzi, nyuzi nne, mmoja mfupi,
tandiko lenye pembe kwa mtindo wa Meksiko,
kapu la majani ya msonobari, kazi ya bibi Mkoushatta,
na kodiani ya Kijerumani iliyopasuka mapafu.

Kibao cha mlangoni hakisemi Usiguse.
Kinasema: Gusa.

Jumamosi akaja mzee Dub Hargis,
kofia kichwani, ng'ombe mia nne nyumbani,
amekuja kucheka, wala hakuficha.
"Nilidhani kuna sanaa. Kumbe ni banda langu!"
"Ndiyo," Verlene akajibu. "Ni banda lako."

Kamba ya ngozi ilikuwa kwenye kigingi.
Aliishika ovyo, kupoteza wakati tu,
vidole vikaanza:
kitanzi, nyuma, chini, tena nyuma,
fundo likajifunga huku mwenyewe anatazama kwingine.

"Nani alikufunza?"
"Baba."
"Na yeye?"
"Babu."
"Na babu?"
Mzee akaangalia dari, kana kwamba popo wanajua.
"Kulikuwa na mtu wa farasi. Mtu mmoja tu hivi."

Mtu mmoja tu hivi!
Mimi mpwa, niliyebeba ngazi tangu alfajiri,
nilifungua kinywa. Shangazi akanikanyaga mguu.

Akamwonyesha ukutani, nyuma ya kioo,
ukurasa wa daftari la mishahara, wino umekuwa kahawia:
Esau, kufunza farasi, dola nane na buti.
Mstari wa chini yake: Esau, buti zimekatwa.
Na juu kabisa, kwa hati ya madaha: Hargis.

Alisoma akichezesha midomo. Akarudia.
Hakuvua kofia, msidhani.
Aliuliza tu kama Esau alikuwa na jina la pili.
"Daftari halikuacha nafasi," shangazi alisema.

Gari lake halikuwaka upesi.
Tulilisikia likikohoa huko nje, tukafagia.

Jioni nikataka kulifungua lile fundo,
kamba irudi ilivyokuwa.
"Liache."
Sasa lina kikaratasi chake, kama vingine vyote:
Ngozi ya ng'ombe. Mkono wa Hargis.
Kazi ya Esau.